Wanaosema tulienda kutalii Hannover wanisikilize kidogo

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama inawezekana usiikate sana maana nimeiandika kwa uchungu na mambo ni mengi.

Tangu turudi kutoka Ujerumani kwenye safari ya masomo kuna maneno nayasikia kila nikikutana na watu, eti hawa wanafunzi wamepelekwa Ulaya kuangalia maua, kwani maua yameisha huku, hela hiyo si ingenunua vitabu, na wengine wanayaandika kabisa mitandaoni na kuyarudia mpaka yanaonekana kama ukweli. Sina ugomvi na anayeuliza hela imeenda wapi, hilo ni swali la haki na kila anayepanga safari ya wanafunzi awe tayari kulijibu hadharani. Ninachokataa ni ile dhana kwamba bustani ni sehemu ya kupumzikia na masomo yako darasani. Kwa mtu anayesoma mimea kama mimi, au anayesoma usanifu, historia, hata uhandisi wa maji, bustani ya kihistoria ni sehemu ambayo watu wamefanya majaribio miaka zaidi ya 300 na majibu yake bado yamesimama pale unayaona kwa macho.

Ila pia nitasema wazi kwamba safari inaweza kabisa kuwa utalii, na inategemea vitu viwili tu, muda mliopewa na mlichosoma kabla ya kupanda ndege. Hapo ndo hoja yangu ilipo na naomba nieleze kwa mfano wa Hannover yenyewe.

Hannover ni mji mkuu wa jimbo la Niedersachsen kaskazini mwa Ujerumani. Chuo tulichotembelea ni Chuo Kikuu cha Leibniz, kilianza mwaka 1831 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 64 tu, na jina la Leibniz kilipewa 2006. Jengo lake kuu ni kasri, linaitwa Welfenschloss, walianza kulijenga 1857 kwa ajili ya mfalme Georg wa Tano wa Hannover, alafu 1866 Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, ikaiteka Hannover na kuimeza, mfalme akaondoka na kasri halijakaliwa na mtu. Mwaka 1879 wakaingia wanafunzi wa ufundi na mpaka leo wapo. Yaani unapanda ngazi zilizochongwa kwa ajili ya mfalme unakuta kijana amekaa na laptopu anapiga hesabu, mimi hilo lilinigusa sana kwa sababu jengo lilijengwa kwa ajili ya familia moja na sasa linawafaa watu maelfu. Ada hawatozi kama tunavyozijua ada, wanafunzi wanalipa mchango wa kila semesta na ndani yake kuna tiketi ya usafiri, kwahiyo mtu akishalipa hiyo anapanda treni za mjini bila kutoa hela tena.

Sasa ukitoka nje ya hilo kasri uko tayari kwenye bustani, Welfengarten, hamna geti wala ukuta. Unasogea kidogo unakutana na Georgengarten ambayo imetengenezwa kwa staili ya Kiingereza, nyasi pana na miti iliyoachwa kama imeota yenyewe kumbe kila mmoja umepangwa, na katikati inapita Herrenhäuser Allee, njia iliyonyooka kama kilomita 2 yenye mistari minne ya miti ya lindeni iliyopandwa kuanzia 1726. Mwisho wa njia ndo unaingia Großer Garten, bustani kubwa yenyewe. Kwa miguu ni mwendo wa kawaida tu na asiyetaka kutembea kuna treni za mjini namba 4 na 5 zina kituo cha chuo na kituo cha bustani. Nimeeleza hivi kwa makusudi, mtu aelewe kwamba kwenda chuoni na kwenda bustanini pale ni safari moja, huwezi kuzitenganisha ukasema asubuhi tulisoma na mchana tulitembea.

Großer Garten ilianza 1666 ikiwa ndogo. Aliyeikuza ni mama mmoja, Sophie, mke wa mtawala wa Hannover, ambaye kuanzia 1696 alimtumia mtaalamu wa Kifaransa Martin Charbonnier kuipanua mpaka ikafika karibu hekta 50, imezungukwa na mfereji wa maji pande tatu. Huyo mama alizaliwa na kukulia Uholanzi, na ukiangalia ule mfereji unaona kabisa Uholanzi imeingia pale kwenye mpango wa Kifaransa. Ndani ni mistari tupu, njia zimenyooka, miti imekatwa ikawa kuta za kijani, kuna hadi jukwaa la maigizo ambalo kuta zake ni miti na sanamu za rangi ya dhahabu zimejipanga pembeni, na kiangazi bado wanaigizia hapo hapo. Sophie alikuwa anatembea humo kila siku na alifia humo humo tarehe 8 Juni 1714, mvua ilimkuta akiwa matembezini akiwa na miaka 83. Kwa sheria ya Uingereza ya 1701 yeye ndo alikuwa mrithi wa kiti cha kule, malkia Anne akafariki tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, yaani hata miezi miwili haikupita, na kiti kikaenda kwa mtoto wake ambaye akawa mfalme George wa Kwanza.

Mtu anaweza kuuliza hizo habari za wafalme zinamsaidia nini mwanafunzi wa leo. Zinamsaidia hivi. Baada ya mfalme kuhamia London, bustani ikabaki inatunzwa lakini hamna mwenye haraka ya kuibadilisha. Karne ile ile Ulaya nzima ilikuwa inabomoa bustani za mistari na kutengeneza za staili ya Kiingereza, kila tajiri anataka ya kisasa. Herrenhausen, yaani eneo hili la bustani, ikanusurika kwa sababu wenyewe hawakuwepo! Mwenzetu anayesoma usanifu alikaa kwenye benchi akaandika hilo kwenye daftari kurasa kadhaa, kwamba majengo na bustani nyingi za kale tunazoziona leo hazikuokolewa na mtu aliyezipenda, ziliokolewa na kusahauliwa, na kwamba mipango ya kuhifadhi miji inatakiwa ilijue hilo. Hiyo hoja hakuipata kwenye kitabu chochote, aliipata pale kwa kukaa.

Na chemchemi. Katikati ya ile bustani kuna chemchemi inayorusha maji juu zaidi ya mita 70, inawashwa kiangazi kwa saa maalum. Wa uhandisi wetu hawakuondoka pale. Shida ya Herrenhausen ni kwamba ardhi ni tambarare, hakuna mlima wa kuweka tangi juu ili maji yashuke kwa nguvu, kwahiyo watu walihangaika miaka mingi maji yanatoka kidogo tu, hata Leibniz mwenyewe yule mwanafalsafa alitoa mapendekezo ya kutumia maji ya mto Leine. Ilikuja kukubali baada ya Sophie kufariki, na kufikia 1721 maji yakafika mita kama 36, kwa wakati ule ni ajabu kubwa. Ukimfundisha mwanafunzi shinikizo la maji ubaoni ataandika fomula na kufaulu, lakini akisimama pale akaambiwa hawa watu walikuwa na pesa, na mto upo karibu, na wana mtu kama Leibniz, na bado iliwachukua miongo kuipata, ataelewa kwa nini fomula ile ni ya thamani.

Leibniz nitamtaja tena maana siwezi kupita. Aliishi Hannover kuanzia 1676 mpaka alipofariki 1716, alikuwa mtunza maktaba wa ikulu na mshauri, na ndiye aliyeandika kuhusu hesabu za namba mbili tu, 0 na 1, ambazo leo simu na kompyuta zote zinazitumia. Mashine yake ya kukokotoa bado ipo kwenye maktaba ya Hannover inayobeba jina lake, na barua zake zipo kama 15,000, alikuwa akiandikiana na watu wapatao 1,100. Alikuwa rafiki mkubwa wa Sophie na walikuwa wanatembea pamoja kwenye bustani hiyo wakijadiliana. Yeye mwenyewe aliandika kisa kimoja, kwamba siku moja bustanini pale alikuwa anasema hakuna vitu viwili duniani vinavyofanana kabisa kwa kila kitu, bwana mmoja akabisha akasema nitapata majani mawili yanayofanana, Sophie akamwambia haya katafute, jamaa akazunguka bustani muda mrefu na hakupata.

Mwalimu aliyetuongoza alitusomea kisa hicho tukiwa chini ya miti ya lindeni alafu akatuambia okoteni majani yaliyoanguka, msichume, kila mtu mawili yanayofanana, na mueleze yanatofautiana wapi. Tulidhani ni mchezo. Lakini ukianza kupima jani kwa rula, kuhesabu mishipa, kuangalia meno ya pembeni, kuona moja limeliwa na mdudu na jingine lilikuwa kwenye jua zaidi, unajikuta unafanya kile ambacho semesta nzima ya uainishaji wa mimea inajaribu kukufundisha. Mwenzetu mmoja wa takwimu akaanza kuchora grafu ya urefu wa majani ya mti mmoja, akatuonyesha jinsi mengi yanavyojikusanya katikati na machache yanavyobaki pembeni. Watu walikuwa wanapita na baiskeli wanatushangaa. Hilo zoezi haligharimu hata senti na naomba walimu wanaosoma barua hii walichukue, miti iko kila mahali.

Sasa nifike kwenye malalamiko. Ratiba tuliyokabidhiwa mwanzoni na waandaaji ilikuwa na Großer Garten saa moja, chuo nusu siku, alafu basi, mji mwingine, makumbusho, basi tena, mji mwingine. Ratiba za aina hii ninazijua na wengine waliosafiri na vyuo vingine wameniambia za kwao ni hivyo hivyo, kila siku mji mpya, kwa sababu kwenye ripoti inapendeza kuandika tulitembelea sehemu nyingi. Matokeo yake mwanafunzi anashuka kwenye basi, anapiga selfi, anaambiwa tumechelewa, anapanda. Huyo ukimuita mtalii sitakubishia. Na yeye hana kosa, ratiba haikumpa hata nusu saa ya kuuliza swali la pili, maana swali la kwanza kila mtu analo, hiki ni nini, la pili ndo la mwanafunzi, kwa nini kiko hapa na kimefikaje.

Sisi tulibahatika mwalimu wetu alipigana mji mmoja ukafutwa na muda ukabaki Hannover. Na kule kubaki ndo kulikotufikisha Berggarten vizuri, na Berggarten ndo sababu kubwa ya mimi kuandika barua hii.

Berggarten iko ng'ambo ya barabara tu, mkabala na Großer Garten. Ilianza kama bustani ya mboga ya ikulu ikageuka kuwa bustani ya mimea ya kisayansi, na leo ina nyumba za kioo zenye okidi nyingi sana, moja ya mikusanyo mikubwa Ulaya. Kwa vizazi vitatu ilisimamiwa na ukoo wa Wendland, baba, mtoto, mjukuu, na huyo mjukuu, Hermann Wendland, alikuwa mtaalamu wa jamii ya minazi na mitende anayejulikana dunia nzima. Mwaka 1893 huyu Wendland alieleza kisayansi kwa mara ya kwanza ua moja dogo la rangi ya zambarau lenye majani yenye manyoya manyoya, akaliita Saintpaulia ionantha. Mbegu zake zilitoka wapi? Usambara. Aliyezituma ni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, alizituma kwa baba yake Ujerumani na baba akazipeleka Herrenhausen kwa Wendland.

Wasomaji wengi wa gazeti hili wameliona hilo ua, liko kwenye vyungu madirishani duniani kote, linauzwa mpaka kwenye supamaketi za Ulaya karibu na mkate. Miaka ya 1920 kampuni ya California iliagiza mbegu ikachagua aina kumi ikazipa majina na kuziuza, na toka hapo wafugaji wa maua wametoa aina maelfu. Kuenea kwake kumerahisishwa na tabia moja, jani moja tu ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu linaweza kutoa mche mpya mzima, kwahiyo mtu akipata chungu kimoja anaweza kugawia mtaa. Lakini porini linaota Tanzania na Kenya tu, kwenye kivuli cha misitu, juu ya miamba yenye unyevu, na baadhi ya aina zake ziko hatarini kwa sababu msitu ukifyekwa jua linapiga mwamba, mwamba unakauka na mmea umekwisha. Wataalamu wa vinasaba mwaka 2015 walilihamishia kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ya karibu, inayoitwa Streptocarpus, kwahiyo kwenye vitabu vipya utalikuta huko.

Mhariri, kwenye kundi letu waliokuwa wanaijua habari hii kabla ya kusafiri ni wachache mno. Tunasoma mimea chuo kikuu! Mmea uliotoka kwenye misitu ambayo mwanafunzi anaweza kufika kwa basi, umeelezwa kisayansi na mtu aliyekaa Hannover, umewatajirisha watu California na Uholanzi, na mwanafunzi anakuja kuusikia akiwa kwenye bustani ya Wajerumani. Pale Berggarten tulisimama tukabishana muda mrefu na ulikuwa ubishani bora kuliko semina yoyote niliyowahi kukaa. Mmoja alisema hamna tatizo, sayansi ni ya wote, na bila Wendland ua hilo lingebaki halijulikani. Mwingine akauliza halijulikani na nani, watu wa Usambara walikuwa wanapita kwenye miamba hiyo kila siku, na huyo mkuu wa wilaya hakwenda msituni peke yake, mbona majina tunayosoma ni ya Saint Paul na ya Wendland tu. Wa tatu akaleta Itifaki ya Nagoya ya 2010 iliyoanza kufanya kazi 2014, inayosema anayechukua mmea au mbegu kwa ajili ya utafiti au biashara aombe ruhusa kwa nchi husika na faida igawanwe kwa haki, akauliza kama sheria hiyo ingekuwepo miaka ya 1890 ingekuwaje, na leo kampuni ikija kuchukua aina mpya sisi tumejiandaaje, nani anakagua mkataba, nani anajua hata kilichomo msituni ili ajue kimechukuliwa.

Upande wangu nilisema na bado nasema, kulaumu tu hakutoshi. Tunatakiwa tuwe na watu wanaoweza kukaa na profesa wa Hannover meza moja wakaongea uainishaji, vinasaba, na mikataba, na watu hao hawatengenezwi kwa kukaa ndani. Chuo cha Leibniz kina vitivo vinavyofundisha kilimo cha bustani na usanifu wa mandhari, mwanafunzi akipata mawasiliano na maabara moja tu ya kule inaweza kuwa mwanzo wa utafiti wa pamoja ambao data na sifa zinagawanwa. Kwenye safari yetu kuna walioomba barua pepe za watafiti na wanaandikiana mpaka sasa. Mtalii habebi hivyo vitu.

Kuna jambo la makaratasi pia nilitaje haraka. Miezi ya maandalizi yote iliishia kwenye viza. Viza ya Schengen, yaani ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ya muda mfupi inakupa mpaka siku 90 ndani ya siku 180, inataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inataka barua za mwaliko, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi, na mwanafunzi asiye na akaunti yenye hela anazunguka kutafuta barua ya mdhamini. Kila kikao tulichokaa kabla ya kuondoka kilikuwa cha fomu, nani hajaleta picha, nani pasi yake inaisha, na kitabu hakikufunguliwa hata kimoja. Sheria inaruhusu kupeleka maombi mpaka miezi sita kabla ya safari, kwahiyo hakuna sababu ya kufanya yote mwishoni watu wakiwa wanakimbizana. Makaratasi yaanze mapema, yakabidhiwe kwa mtu mmoja mwenye kazi hiyo, na vikao vya wanafunzi vibaki kwa ajili ya kusoma.

Kusoma nini? Kila msafiri achague kitu kimoja cha kule anakoenda akijue kabla hajafika, kiwe mti, mfereji, mashine, barua, chochote, na akifika aongezee alichoona. Mtu anayejua mapema kwamba chemchemi ilisumbua miongo kadhaa ataenda moja kwa moja kuuliza mabomba yanapita wapi. Asiyejua ataiona inarusha maji, atapiga picha, basi. Nimewaona wote wawili wamesimama sehemu moja na tofauti ilikuwa wazi kabisa. Na ratiba iwe na bustani moja siku nzima, chuo kimoja siku nzima, hata kama kwenye ripoti orodha ya miji itakuwa fupi, wanaofadhili nao wakubali hilo na wasipime safari kwa idadi ya vituo.

La mwisho ni ombi kwa vyuo vinavyopanga kupeleka wanafunzi wa mimea Hannover au bustani nyingine yoyote ya kihistoria Ulaya. Wapitisheni kwanza Amani. Pale Usambara Mashariki Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda bustani ya mimea kutoka pande nyingi za dunia, miti yake mingine bado ipo imezungukwa na msitu wa asili, na leo eneo lile ni hifadhi. Ni bustani ya kihistoria sawa sawa na hizo za ng'ambo, inatoka kwenye zama zile zile za mbegu zile zile. Mwanafunzi akilala Amani siku chache na muongozaji anayeujua msitu, akaliona ua la Usambara likiwa juu ya mwamba wake, akapima majani, akaandika unyevu, kivuli na aina ya jiwe, alafu akaandika na jina la aliyemwonyesha njia, huyo akifika kwenye nyumba za kioo za Berggarten atakuwa na data ambayo mwenyeji wake hana, na mazungumzo yatakuwa ya watu wawili wenye kitu mkononi. Gharama yake ukilinganisha na tiketi ya ndege ni ndogo mno, inaweza kuingizwa kwenye bajeti ile ile, na wale ambao viza zao zitakataliwa, maana kila mwaka wapo na inauma sana, watakuwa wameshafanya nusu ya kazi na wanaweza kuendelea nayo na wenzao kwa barua pepe. Kundi linalofuata la chuo chetu bado halijapangiwa ratiba, kwahiyo muda wa kuliweka hilo upo, na mimi na wenzangu tuko tayari kujitolea kuwaandaa.

Msomaji wako,
mwanafunzi wa sayansi ya mimea